Mbwa anayechomoka geti likifunguka: yaliyonikuta na Tomi

Kama una mbwa ambaye komeo la geti likilia tu tayari yuko barabarani, hii naandika kwa ajili yako. Tomi wangu alikuwa hivyo kwa muda mrefu na mpaka anakuja kuacha alishanitoa hela, usingizi na heshima mtaani. Naanza na lile la msingi ili hata ukiishia hapa uwe umepata kitu: kumfundisha mbwa mwenyewe ni kazi ndogo, kazi kubwa iko kwa watu wanaofungua hilo geti. Tomi alielewa mapema tu, binadamu wa kwenye kiwanja chetu ndo walionizeesha.

Tunakaa Goba, Dar es Salaam, barabara ya vumbi ya mtaa iko hapo hapo nje na bodaboda wanapita kwa fujo. Geti letu ni lile la chuma la kawaida, kubwa la gari na ndani yake kigeti cha watu. Nyuma kuna banda la uani lenye vyumba viwili tumepangisha, kimoja anakaa kijana wa bodaboda na kingine mama mmoja anayeuza chapati na supu asubuhi pale kwenye kona. Ukijumlisha na sisi, watoto, dada wa kazi, kijana wa maji, mtu wa taka na wateja wa mama chapati wanaomfuata mpaka nyumbani, lile geti linafunguliwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku mkubwa. Nayasema haya kwa sababu ushauri mwingi unaousikia kuhusu mbwa unadhania nyumba ina watu wawili na mlango mmoja wa mbao, huku kwetu mambo sivyo.

Tomi ni chotara, mama yake jemani shepadi, baba yake mbwa wa kienyeji ambaye hakuna anayemjua. Tulipewa akiwa mdogo na aliyetupa akasema ukitaka awe mkali mfungie bandani mchana kutwa, usiku mfungue, asizoeane na watu. Tukafanya hivyo, karibu kila mtu ninayemfahamu anafanya hivyo. Matokeo yake unapata mnyama mwenye nguvu zote ambaye kitu pekee cha maana kinachotokea kwenye siku yake ni geti kufunguka. Nje kuna harufu, kuna paka, kuna kuku wa jirani, kuna mbwa wenzake wa jalalani. Ndani kuna ukuta wa tofali. Mimi ningekuwa yeye ningetoka pia.

Alipoanza kuchomoka alikuwa bado mdogo na ikawa burudani, watoto wanamkimbiza mtaa mzima wanacheka, na yeye anakimbia anageuka kuangalia kama bado wanamfuata. Alipokua ikaacha kuchekesha. Sasa anafukuzwa na fagio, na akirudi anachapwa fimbo "ili ajue". Alichojua ni kwamba kurudi nyumbani kunauma. Akawa anakuja anasimama hatua kadhaa kutoka getini, mkia chini, anakuangalia, ukipiga hatua moja anaondoka tena. Mbwa haunganishi fimbo ya saa moja usiku na geti la saa kumi na moja jioni, anaiunganisha na kile anachofanya muda huo huo, na muda huo alikuwa anakuja kwako. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kuacha leo kabla hujaanza chochote, acha kumpiga akirudi, hata kama umemtafuta masaa, hata kama majirani wanakuangalia. Meza hasira, msifie, mpe kitu, mwingize ndani.

Shida mtaani zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni mzee wetu jirani, nyumba ya tatu, anayepita getini kwetu kila siku akienda msikitini swala ya magharibi. Magharibi ndo muda geti letu linafunguka sana, watu wanarudi kazini. Tomi akitoka anamkimbilia, si kwa ubaya, anamrukia kwa furaha na kumpaka mate kanzu nzima. Kwa wasiojua, kwa wenzetu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndo wengi huku pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, panapoguswa panaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Maana yake mzee anarudi nyumbani kubadilisha, anaikosa swala ya jamaa. Mara ya kwanza hakusema neno, alitikisa kichwa tu akaondoka. Iliporudiwa alikuja na mjumbe. Aliongea kwa upole kabisa, "mwanangu, mimi mbwa wako sina ugomvi naye, lakini nipe njia nipite", na kwa kweli upole ule uliniuma kuliko angenitukana.

Ya pili ikawa ya damu. Jioni moja Tomi alichomoka bodaboda ikiwa inapita na abiria, dereva akakata kona wakaanguka wote. Dereva alikuwa mzima, abiria goti lilichubuka vibaya, na pale chini kwenye vurugu Tomi alikuwa anabweka juu yao, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na uhakika kama mchubuko wa mguuni ni kokoto au ni meno. Hapa nataka msikilize vizuri. Pasipo na uhakika, mnachukulia ni meno. Kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, siyo kumwagia kikombe kimoja, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini sindano zikiwahi kabla ya dalili zinazuia, kwa hiyo hakuna mjadala wa "tusubiri tuone". Mbwa naye anatakiwa afungiwe na kuangaliwa siku 10, akibaki mzima siku hizo zote ina maana alipouma hakuwa anaambukiza.

Kilichotuokoa kwa mjumbe ni kadi ya chanjo ya Tomi. Mke wangu alikuwa anaiweka kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za watoto, nilikuwa namcheka, siku hiyo aliitoa pale mezani sauti zikashuka. Bado nililipa: matibabu ya goti, sindano za yule abiria, saiti mira na taa ya indiketa ya pikipiki, ikafika kama shilingi 180,000 na nilishukuru imeishia hapo. Chanjo yenyewe ya kichaa kwa mbwa hainifikishi 20,000 kwa mwaka hata nikimlipa daktari wa mifugo nauli ya kuja nyumbani. Na mara nyingi kuelekea Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, huwa kuna sehemu wanachanja kwa bei ndogo au bure, ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako.

Baada ya ajali kila mtu akawa mshauri. Mpeleke shamba. Muuze. Mfunge mnyororo. Mnyororo tulijaribu, akabweka usiku kucha, akatoka vidonda shingoni, na siku akifunguliwa ndo anatoka nduki mara mbili ya zamani, halafu kumtesa mnyama ni kosa kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008 ingawa huku mtaani hakuna anayeikumbuka. Tukampeleka kwa jamaa mmoja anayefundisha mbwa, anakaa naye wiki kadhaa kwake, hiyo ikanitoka 250,000. Sitaki kumsema vibaya, Tomi alirudi anakaa, analala, anatoa mkono, watoto wakapiga makofi. Jioni ile ile dada akafungua geti kupokea madumu ya maji na Tomi huyo, kona, haonekani. Kule alikofundishwa hapakuwa na geti letu, hapakuwa na dada yetu, hapakuwa na kijana wa maji. Alijifunza kumtii yule jamaa kwenye uwanja wa yule jamaa. Nisingempeleka ningekuwa bado naamini mbwa anaweza kurekebishwa mbali kisha akarudishwa nyumbani tayari.

Aliyetufungua macho ni binamu yangu aliyesomea mifugo chuo kikuu cha SUA, Morogoro. Alikuja kututembelea kwa mambo ya familia, nikamlalamikia, nikadhani ataniandikia dawa. Akaomba kiti na soda akakaa kivulini karibu na geti mchana mzima hadi jioni, kazi yake kuangalia tu. Usiku akatuambia vitu viwili. Kwanza, katika watu wote walioingia na kutoka hakuna aliyemwangalia mbwa yuko wapi kabla ya kushika komeo, wote wanafungua kwanza, wanaanza kupiga kelele baadaye. Pili, yuko mtu mmoja ambaye Tomi hakuchomoka kwake hata mara moja, mama chapati. Mama chapati anaogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani, na kwa uoga wake, bila kufundishwa na mtu, kila akitaka kutoka anakata kipande cha chapati anakirusha mbali kule nyuma karibu na tenki la maji, Tomi anakifuata, yeye anapita anafunga. Ilikuwa imefika mahali Tomi akimwona tu mama na ndoo yake anakwenda mwenyewe kule kwenye tenki anakaa anasubiri. Yaani dawa ilikuwa humu humu ndani tunaipita kila siku.

Binamu akaeleza kwa nini. Kitu kinachomlipa mbwa atakirudia, kisichomlipa ataacha. Geti lilikuwa linamlipa. Na halikuwa linamlipa kila siku, ndo ubaya wake, kuna siku anafanikiwa na kuna siku anashikwa, na malipo ya namna hiyo ndo magumu zaidi kuacha, ni yale yale ya mtu wa kubeti, mkeka ukitiki siku moja anachana mingine mwezi mzima na bado hakati tamaa. Kwa hiyo ukimzuia siku sita halafu ya saba akatoka, hujapiga hatua, umemwongezea hamu. Lazima kwanza geti liache kabisa kumlipa, kabisa, halafu ndo umfundishe kinacholipa badala yake.

Kuacha kumlipa maana yake asiweze kutoka hata mtu akisahau. Tukaita fundi wa kuchomelea akatutengenezea kigeti cha pili cha ndani, fremu ya bomba na waya wa wavu, kikaunda kichumba kidogo kati yake na geti kubwa. Unaingia la nje, unafunga, ndo unafungua la ndani. Gharama 280,000 na ingepungua kama tungepima vizuri, maana fundi alipima kwa mtu aliyesimama, kijana wa boda alipoingiza pikipiki yake mkia wote ukabaki nje, kigeti cha nje hakifungi, ikabidi kile cha ndani kisogezwe na zege livunjwe. Kwa hiyo ukijenga, pima pikipiki ikiwa ndani ya hicho kichumba, au toroli, au chochote kirefu kinachopita kwako. Na gari likija, kabla hajafuzu mafunzo, mbwa anaingia bandani kwanza, huko hakuna ujanja mwingine. Kingine, weka kitu cha kukifanya kijifunge chenyewe. Springi za dukani zilikatika haraka, tukafunga mkanda wa tyubu ya baiskeli kati ya nguzo na kigeti, hadi leo upo. Kama huna uwezo wa fundi hata pazia la mbao na wavu wa kuku linasaidia, uzuri wake haujalishi.

Sasa mafunzo. Hatukuanzia getini, tulianzia mlango wa jikoni unaotokea uani ambako hata akitoka hakuna hatari. Kabla ya chakula chake, akiwa na njaa ya kawaida, mfukoni una vipande vya maini ya kuchemsha vilivyokatwa udogo wa punje ya mahindi. Dagaa wakavu nao wanafaa na ni bei rahisi, ila wana chumvi, usimpe wengi. Unashika kitasa. Akisogea, unaachia kitasa, husemi kitu, hupigi kelele. Akikaa au akirudi nyuma, unamrushia kipande nyuma yake. Sikiliza hapo, nyuma yake, mbali na mlango, siyo mkononi hapo mlangoni, ile ile ya mama chapati. Unashika tena. Ukifungua kidogo akainuka, mlango unafungwa taratibu usimbane pua. Akitulia, unaendelea kufungua. Kinachomfundisha ni mlango wenyewe: ukikimbilia unafungwa, ukitulia unafunguka. Malipo yatoke sekunde ile ile anapofanya sawa, ukichelewa mpaka uchane nailoni mfukoni utakuwa umemlipa kwa kujikuna.

Dakika chache zinatosha kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni. Sisi siku za mwanzo tulikuwa tunakazana mpaka anachoka, anaanza kupiga miayo na kuangalia pembeni, hiyo ndo dalili acha. Malizia akiwa bado anataka.

Baada ya jikoni tukahamia kigeti cha ndani, hapo tukamwekea gunia lake la zamani kama hatua nne kutoka getini, likawa ndo mahali pake. Komeo likilia anaenda guniani, gunia ndo linalolipa. Tulianza na sauti tu, unagusa komeo hufungui, unarusha nyama guniani. Halafu unafungua geti upana wa kiganja. Halafu nusu. Halafu unatoka unarudi. Halafu mtoto anatoka anarudi. Halafu mtu anabisha hodi nje. Kila ukiongeza ugumu mmoja punguza mwingine, yaani mtu akibisha hodi, geti lisifunguliwe wazi siku hiyo. Wakati wote huu alikuwa na kamba ya manila ndefu kama mita 10 kwenye mkanda wa kifuani, siyo shingoni, kamba ndefu ikikaza ghafla shingoni inaumiza, na mwisho wa kamba umefungwa kwenye mwembe. Kamba siyo ya kumvutia, ni ya siku mambo yakiharibika.

Ruhusa ya kutoka tukaipa neno lake, "haya", na bila "haya" hatoki hata geti likiwa wazi. Hapo ndo balaa la binadamu lilipoanza maana mimi nasema haya, dada anasema twende, mwanangu mkubwa anamwambia "go", mke wangu anasema "haya" kwa kila kitu, haya kuleni, haya zimeni taa. Tomi anainuka guniani kwa sababu watoto wameitwa kula! Tukabadilisha, tukachagua "safari", neno ambalo hakuna anayelitumia hovyo pale nyumbani, tukaliandika kwa chaki ukutani karibu na geti pamoja na sheria tatu: angalia mbwa yuko wapi, mpeleke guniani, ndo fungua. Kopo la plastiki lenye dagaa likaning'inizwa hapo hapo juu asipofika, maana ukimwambia mtu akachukue nyama jikoni kwanza hatafanya.

Waliofuata sheria vizuri kuliko wote ni watoto. Wanapenda kuamrisha. Mgumu alikuwa kijana wa boda, na ukimwangalia ana haki, ametoka kazini usiku, amechoka, ana pikipiki nzito, eti akae amsubirie mbwa akalie gunia. Niligombana naye mara kadhaa, haikusaidia. Kilichosaidia ni kumpa yeye mwenyewe kazi ya kumlisha Tomi chakula cha usiku, akifika tu bakuli liko tayari, anampa guniani. Ndani ya muda mfupi Tomi akawa akisikia ule mlio wa pikipiki yake kwa mbali anakwenda guniani mwenyewe, na yule kijana akaanza kumtetea mbwa kwa wenzake kijiweni. Kodi ya mwezi ule nilimpunguzia kidogo, sioni aibu kusema, ni rahisi kuliko saiti mira nyingine.

Kwa mzee jirani nilienda mwenyewe, nikamweleza tunachofanya na nikamwomba msamaha kwa kanzu. Tukakubaliana kuanzia adhana hadi watu watoke msikitini Tomi anakaa bandani, hakuna mazoezi muda huo. Ni jambo dogo lakini lilitupa utulivu wa kufundisha bila mtaa mzima kutusimamia.

Upande mwingine ni nguvu za mbwa. Huwezi kumfundisha kusubiri getini mbwa ambaye kutoka kwake kote ni kwa wizi. Tukaanza kumtembeza asubuhi kabla ya jua na jioni baada ya isha, na kamba, geti lile lile, kwa neno la "safari". Kutoka kukawa kitu anachopewa kila siku. Mwanzoni tulichekwa, mtu mzima anatembea na mbwa ana kamba mkononi saa kumi na mbili asubuhi, wakaniita mzungu wa Goba, wengine hadi leo wananiita hivyo. Ila pilika zake ndani zilipungua waziwazi, na alibweka kidogo usiku.

Tulimhasi pia. Dume likinusa jike lililo kwenye joto huko mtaani, nyama ya maini haina thamani tena, na jike linakaa kwenye joto kama wiki tatu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, sasa hesabu majike mangapi yako mtaani kwako. Ilinigharimu 150,000 na dawa, daktari alikuja na vifaa vyake, kidonda kikapona ndani ya wiki mbili. Msitegemee kwamba kuhasi kunafundisha adabu za geti, hakufundishi, kunapunguza tu sababu moja ya kutoroka. Na ulinzi haukupungua kama watu wanavyoogopesha, mgeni wa usiku bado anamjua Tomi ni nani.

Alirudi nyuma, na zaidi ya mara moja. Mkesha wa mwaka mpya fataki zilipoanza alipita juu ya mtu, gunia hakuliona. Hofu siyo utundu, siku za fataki na radi kubwa anafungiwa chumba cha ndani na redio ikiwa juu, hakuna kumpima. Siku ya msiba au shughuli pia usijaribu, geti litakuwa wazi kutwa na wageni mia hawajui gunia ni nini, mpeleke kwa ndugu au mfungie. Dada alipoenda likizo kwao Singida akaja mwingine, wiki ya kwanza Tomi akachomoka tena kwa sababu dada mpya anamwogopa anarudi nyuma, na yeye akasoma hilo haraka sana. Tukaanza naye upya kutoka mlango wa jikoni, dada na mbwa pamoja, haikuchukua muda kama mwanzo.

Siku hiyo aliyochomoka ndo tulifaidi zoezi lingine ambalo nisingeliacha, la kuitwa. Neno letu ni "njoo Tomi" na halitumiki kwa kitu kibaya, siyo kuogeshwa, siyo sindano, siyo kurudishwa bandani mchezo ukiwa umenoga. Likitumika analipwa kitu kikubwa, kipande cha mapupu au soseji ambacho hakipati kwa sababu nyingine yoyote. Na akitoka usimkimbize. Ukikimbia kumfuata atakimbia mbele, kimbia wewe kurudi nyumbani, au chuchumaa ugeuke ubavu, gonga sufuria. Nimefanya hivyo katikati ya barabara mbele ya wauza genge, wakacheka sana, mbwa akarudi.

Mkanda wake una namba ya simu ya mke wangu imechongwa kwenye kibati na fundi wa mihuri, elfu chache tu. Mbwa anayezurura bila mkanda akikutana na watu waliotumwa kupunguza mbwa wa mtaani hana mtetezi, na hata jirani mwema hajui amrudishe wapi.

Kwa sasa geti la nje likiwa wazi na gari linaingia Tomi anakaa guniani, mkia unatetemeka, lakini anakaa. Kigeti cha ndani hatujakiondoa na hatutakiondoa. Nyama tumepunguza, siyo kila mara, mara moja moja bila mpangilio anaoweza kuukisia, akikaa vizuri siku ngumu analipwa mara tatu. Kama wako bado ni mtoto wa miezi miwili mitatu, anza na mlango wa jikoni leo hii na maini ya mia tano, usisubiri meno makubwa yaote, na huyo anayekwambia umfungie bandani mchana kutwa muulize kwanza wa kwake yuko wapi muda huu.